Juu ya Dhamana ya Mtu Aliyeshitakiwa kwa Kuua

Tuseme mama mmoja wa Mamba, katika nchi ya Mpimbwe, aja alfajiri nyumbani kwa mwalimu, naye amefunga fedha kidogo katika pindo la kanga yake. Mwanawe alikamatwa juzi. Yasemekana amemwua jirani yake katika ugomvi wa kilabuni, naye amekwisha kupelekwa Mpanda. Mama asema, “Mwalimu, nakuomba twende ukamdhamini mwanangu. Wewe una jina, hakimu atakusikia.” Na huku, upande wa pili wa kijiji, matanga hayajaondoka, na ndugu za marehemu wasema wao kwa wao, “Tukimwona amerudi hapa, tutajua kesi imenunuliwa, nasi hatutakaa kimya.”

Mwalimu huyo amjibu nini mama? Awajibu nini wale wafiwa? Hilo ndilo tutakalo kulieleza katika kurasa hizi, maana twaona ya kuwa watu wengi, hata walio na elimu, huchanganya mambo matatu yasiyo mamoja: kudhaminiwa, kusamehewa, na kuonekana huna hatia. Mchanganyiko huo umeleta hasara ya fedha kwa maskini, na mara nyingine umeleta damu ya pili juu ya damu ya kwanza. Nasi tutaanza kwa maneno yenyewe, kama ilivyo desturi yetu, kwa kuwa asiyejua maana haambiwi maana.

I. Maneno

Neno dhamana limetoka katika Kiarabu, na watu wa pwani walilitumia katika biashara zamani kabla ya mahakama za Kizungu kuja. Yafaa kulitenga na ndugu zake wawili. Amana ni kitu ulichokabidhiwa ukitunze, nacho si chako. Rehani ni kitu kiwekwacho mkononi mwa mdai mpaka deni lilipwe, na deni lisipolipwa kitu hupotea. Dhamana si kitu kwanza, bali ni neno la mtu: mtu wa tatu asimama kati ya wawili na kusema, “Huyu asipotimiza, niulizeni mimi.” Fedha au mali hufuata baadaye ili kulipa neno lile uzito.

Liko neno la kale zaidi, nalo ni kole. Zamani mtu wa mji mmoja akiwa na deni asilolipa, mdai aliweza kumkamata mtu mwingine wa mji ule ule, awe ndugu au jirani, akamzuia mpaka deni lilipwe. Mtu huyo aliyekamatwa ndiye kole. Tazama tofauti: kole hukamatwa kwa nguvu bila kuulizwa, lakini mdhamini hujitoa kwa hiari yake. Kole hulipia kosa la mwingine kwa mwili wake, na mdhamini huahidi tu ya kuwa yule mwingine atakuja. Twaliona hili kuwa jambo kubwa, maana vijijini bado wako wadhanio ya kuwa mdhamini atafungwa mahali pa mshitakiwa, kana kwamba ni kole. Kwa hofu hiyo wengine hukataa kuwadhamini ndugu zao hata katika mashauri madogo.

Mtu aliyezuiwa kabla ya hukumu huitwa mahabusu, neno la Kiarabu lenye maana ya aliyefungiwa, na mahali anapozuiliwa hujulikana kwa jina hilo hilo, au huitwa rumande, ambalo ni neno la Kiingereza lililovaa kanzu ya Kiswahili. Wala mahabusu si mfungwa. Mfungwa amekwisha kuhukumiwa, mahabusu angojea. Wote wawili huenda wakalala chini ya paa moja la gereza (na wasomaji wetu mapadre watapenda kujua ya kuwa neno gereza lilitoka kwa Wareno, ambao kwao lilikuwa na maana ya kanisa), lakini mbele ya sheria hali zao ziko mbali kama mbingu na nchi.

Hatimaye tutazame neno kuua lenyewe. Kiswahili chatumia neno moja kwa yule aliyevizia njiani na kwa yule aliyesukuma mtu katika ugomvi, akaanguka juu ya jiwe, akafa. Sheria haikubali neno moja hilo. Hugawanya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia, na tutaona ya kuwa maneno hayo mawili, “bila kukusudia”, huweza kumfungulia mtu mlango wa gereza. Lakini lugha yetu ina utajiri wake upande mwingine: yasema mtu amefiwa. Kifo humfika marehemu, lakini humwangukia pia yule aliyebaki, naye hupewa jina, mfiwa. Basi katika kila shauri la namna hii wako wenye majina wawili, mshitakiwa na mfiwa, na mwamuzi asiyewakumbuka wote wawili hukosea.

II. Desturi za Kale

Kwa Waisraeli, kama kitabu cha Hesabu sura ya 35 kinavyoeleza, ilitengwa miji sita ya kukimbilia, mitatu ng'ambo ya Yordani na mitatu katika nchi ya Kanaani. Mtu aliyeua alikimbilia huko ili mlipiza kisasi asimwue kabla ya kusimama mbele ya mkutano na kuhukumiwa. Akionekana aliua kwa chuki na kwa kuvizia, alitolewa auawe, wala haikuruhusiwa kupokea fidia kwa ajili ya maisha yake. Akionekana aliua kwa bahati mbaya, alikaa katika mji ule mpaka kufa kwake kuhani mkuu. Hapa twaona mambo mawili yaliyo moyo wa habari yetu: kwanza, kumtenga mtu kabla ya hukumu huweza kuwa kwa ajili ya kumhifadhi yeye mwenyewe, pili, nia ya moyo ndiyo ipimwayo.

Waislamu wa pwani walijua dia, yaani malipo ya damu yapewayo warithi wa marehemu. Katika makabila mengi ya bara pia wazee walipatanisha koo mbili kwa ng'ombe au kwa mali nyingine, ili vita isiendelee kizazi hata kizazi. Desturi hizo zilitazama jamaa na jamaa, zikataka amani irudi. Serikali ilipokuja na mahakama zake ilisema neno jingine: aliyeua amekosa juu ya nchi nzima, si juu ya ukoo mmoja tu. Kwa hiyo hata leo wazee wakipatana, na ng'ombe wakihesabiwa, mapatano hayo huweza kupoza mioyo, lakini hayafuti shitaka. Mwenye kuwaambia watu ya kuwa wakilipa fidia kijana atatoka, awadanganya.

Mpimbwe yenyewe ni nchi ya mchanganyiko. Wapimbwe ni wenyeji, na Wasukuma wamehamia na ng'ombe zao kwa wingi katika miaka ya baada ya uhuru, wakaja pia na Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanza katika nchi za Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Watu waliozoea kuona mwizi akihukumiwa siku ile ile mbele ya mkutano wa kijiji huona vigumu kungojea mahakama ya mbali. Tena nchi hizi za magharibi zimejua sana mauaji yatokanayo na tuhuma za uchawi, ambapo mwuaji na aliyeuawa huweza kuwa watu wa nyumba moja. Msomaji alikumbuke hili, maana tutalirudia.

III. Sheria ya Tanzania Yasemaje

Wakati wa Waingereza sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai ilimkataza hakimu wa mahakama ya chini kumtoa kwa dhamana aliyeshitakiwa kwa kuua kwa kukusudia, lakini Mahakama Kuu iliachiwa uwezo wa kufanya hivyo ikiona vema. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini ulikuwa na komeo liwezalo kufunguliwa.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ilibadili jambo hilo. Kifungu chake kilichohesabiwa 148, kifungu kidogo cha 5, kilitaja makosa ambayo askari wala mahakama yo yote haina ruhusa ya kutoa dhamana, na miongoni mwake ni kuua kwa kukusudia, uhaini, na unyang'anyi wa kutumia silaha. Hapo hapana kupima kama mtu huyu ni mzee au kijana, mgonjwa au mzima, ana nyumba au hana. Kosa likiisha kuandikwa, mlango umefungwa.

Je, hilo lapatana na Katiba? Katiba ya mwaka 1977, baada ya Haki za Binadamu kuingizwa mwaka 1984, yasema katika ibara ya 13 ya kuwa ni marufuku mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka itakapothibitika, na ibara ya 15 yalinda uhuru wa mtu. Wanasheria wakaibishania habari hiyo miaka mingi. Mwaka 1991, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema ya kuwa sehemu moja ya kifungu kile ilipingana na Katiba, ikaitangua. Baadaye watu wengine walitaka kifungu chote kitanguliwe. Mwezi wa Mei 2020 Mahakama Kuu ilikubaliana nao. Lakini mwezi wa Agosti mwaka ule ule Mahakama ya Rufani ikaligeuza neno hilo, ikasema kifungu hakipingani na Katiba, kwa kuwa Bunge laweza kuweka mipaka ya uhuru wa mtu kwa ajili ya usalama wa wengi. Mwaka 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilikiona kifungu hicho kuwa kinavunja Mkataba wa Afrika, ikaiamuru nchi ikirekebishe.

Tumeyataja haya ili msomaji aone ya kuwa watu wenye hekima hawakupatana. Wale wa upande mmoja wasema: mtu aliyeonja hofu ya kunyongwa ana sababu kubwa ya kukimbia kuliko mwingine ye yote, na kijiji kilichotoka kuzika hakiwezi kumvumilia. Wale wa upande wa pili wajibu: hayo huenda ni kweli kwa huyu, lakini si kweli kwa yule, basi mwacheni jaji apime, kumfungia kila mtu mlango mmoja ni kuadhibu kabla ya kuhukumu. Nasi twaona ya kuwa hoja ya pili ina nguvu, hasa tukikumbuka urefu wa kungojea. Katika shauri lililosikika nchi nzima, ofisa wa polisi Abdallah Zombe alishitakiwa mwaka 2006 pamoja na wenzake kwa mauaji ya wafanyabiashara wa madini na dereva wa teksi, akakaa mahabusu mpaka Agosti 2009, Mahakama Kuu ilipomwona hana hatia. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu ambaye mwishoni aambiwa aende zake. Wala hakuna awezaye kuirudisha.

IV. Hati ya Mashitaka Ndiyo Mlango

Kwa hiyo katika Tanzania swali la dhamana katika shauri la mauaji kwa kweli haliamuliwi na hakimu aliyeketi kitini. Huamuliwa mapema zaidi, na yule aandikaye hati ya mashitaka, yaani Mkurugenzi wa Mashitaka na wasaidizi wake. Akiandika “kuua kwa kukusudia”, dhamana haipo. Akiandika “kuua bila kukusudia”, dhamana yaweza kuombwa.

Mifano miwili yatosha. Mwezi wa Novemba 2006 Ukiwaona Ditopile Mzuzuri, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Tabora, alishitakiwa Dar es Salaam kwa kumpiga risasi na kumwua dereva wa daladala. Shitaka la kwanza lilikuwa kuua kwa kukusudia, naye akawekwa mahabusu. Mwaka 2007 shitaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, akatoka kwa dhamana. Watu wengi walinung'unika, wakisema mkubwa amefunguliwa mlango usiofunguliwa kwa mdogo. Naye alikufa mwaka 2008 kabla shauri halijaisha, na kwa hiyo hakuna hukumu iliyotolewa juu yake.

Mfano wa pili ni wa mwigizaji Elizabeth Michael, ajulikanaye kwa jina la Lulu, aliyeshitakiwa baada ya kifo cha mwigizaji Steven Kanumba mwezi wa Aprili 2012. Yeye naye alishitakiwa kwanza kwa kuua kwa kukusudia, akakaa mahabusu miezi mingi; shitaka lilipobadilishwa, Mahakama Kuu ikampa dhamana Januari 2013. Kisha akawa anahudhuria mpaka Novemba 2017, alipoonekana na hatia ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Mfano huu wafaa sana kuwasimulia watu wetu, kwa kuwa waonyesha wazi ya kuwa dhamana haikuwa msamaha. Aliyetoka kwa dhamana alirudi mbele ya jaji, akahukumiwa, akafungwa.

V. Mahali Jaji Anapopima

Jirani zetu wa Kenya walipita njia nyingine. Kwao pia, tangu Katiba yao ilipobadilishwa mwaka 1987, makosa yenye adhabu ya kifo hayakuwa na dhamana. Lakini Katiba mpya ya mwaka 2010, katika ibara ya 49, ilisema kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti yafaayo, isipokuwa ziko sababu nzito za kumzuia. Tangu hapo majaji wa Kenya hukaa na mizani mikononi.

Je, hupima nini? Kwanza, kama mshitakiwa atakuja siku ya kesi au atatoroka. Pili, kama ataingilia mashahidi, ama kwa vitisho, ama kwa fedha, ama kwa kuwa anaishi nao. Tatu, kama atamdhuru mtu mwingine. Nne, kama yeye mwenyewe atadhuriwa, hata ikawa ni heri akae ndani kwa usalama wake. Tano, uzito wa shitaka na nguvu ya ushahidi, maana ushahidi ukiwa mzito hofu ya mshitakiwa nayo huwa nzito. Tena sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathirika imewapa ndugu za marehemu nafasi ya kusikiwa. Jambo hili twalisifu, kwa kuwa mfiwa asiyesikiwa mahakamani hutafuta mahali pengine pa kusema.

Mwaka 2018 mahakama za Nairobi zilionyesha mizani hiyo mbele ya watu wote. Mtangazaji Jacque Maribe na mchumba wake Joseph Irungu walishitakiwa pamoja kwa mauaji ya mwanamke mmoja mfanyabiashara. Shitaka lilikuwa moja, na siku ya uamuzi ilikuwa moja. Jaji James Wakiaga akampa Maribe dhamana, akamnyima Irungu, ambaye aliipata baadaye, mwaka 2020. Watu wakauliza, imekuwaje wawili wa shitaka moja wasitendewe sawasawa? Jibu ni hili: jaji wa dhamana hapimi kosa, apima mtu na hatari yake. Mwaka 2024 Maribe alionekana hana hatia, na Irungu akahukumiwa kifo. Msomaji asidhani ya kuwa jaji alikuwa mtabiri mwaka 2018. Jambo la maana ni kwamba wote wawili walikuwapo kizimbani siku ya hukumu. Hiyo tu ndiyo kazi ya dhamana.

Katika Afrika Kusini hakimu Desmond Nair alimpa dhamana ya randi milioni 1 mkimbiaji Oscar Pistorius mwezi wa Februari 2013, siku chache baada ya kumpiga risasi mpenzi wake. Huko ni mshitakiwa apaswaye kuonyesha kwa nini aachiliwe. Na katika Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2009, ni jaji wa mahakama ya juu peke yake awezaye kutoa dhamana katika shauri la namna hii, wala haitolewi mpaka aridhike ya kuwa hakuna hatari kubwa ya mtu kudhuriwa. Basi njia ni nyingi: kufunga mlango kabisa, kuuacha wazi mpaka iletwe sababu ya kuufunga, au kuufunga mpaka iletwe sababu ya kuufungua.

VI. Mizani Hiyo Ikiwekwa Mamba

Tuseme sasa, kwa kufikiri tu, ya kuwa jaji mwenye uwezo kama wa Kenya apewa shauri la yule kijana wa Mamba. Atapima nini?

Kuhusu kutoroka, ataona ya kuwa nchi hii ina misitu mikubwa, na ukivuka kuelekea magharibi wafika Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Kusini iko Zambia. Mwenye kutaka kupotea ana mahali. Lakini ataona pia ya kuwa mkulima mwenye mke, watoto, na shamba la mpunga hapotei kirahisi kama kijana wa mjini asiye na kitu. Mizizi ya mtu ni dhamana kabla ya dhamana. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Kuhusu mashahidi, hapa ndipo penye uzito. Katika mji mkubwa mshitakiwa na shahidi huweza kukaa mwaka mzima wasionane. Katika kijiji huonana kisimani, mashineni, sokoni na kanisani. Tena ikiwa aliyeuawa alikuwa mtu wa nyumba ile ile, mashahidi ni mke, watoto na shangazi, ambao chakula chao hutoka mkononi mwa mshitakiwa. Hana haja ya kuwatisha. Kukohoa kwake mlangoni kwatosha. Jaji mwenye busara angeamuru mtu huyo akae mbali, pengine kwa ndugu wa Mpanda mjini, na kuripoti polisi kila juma.

Kuhusu usalama wake, methali yasema mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini wafiwa wa juzi hawana kovu bado, wana kidonda. Hapa mahabusu huwa kama ile miji ya kukimbilia. Hata hivyo hoja hii ina hatari yake, kwa kuwa watu wakijua ya kuwa wakitisha sana mshitakiwa atazuiwa, watajifunza kutisha. Jaji hapaswi kuyakabidhi maamuzi yake kwa wenye kelele.

Na juu ya yote hayo, liko jambo la nafasi na wakati. Kwa miaka mingi mashauri ya mauaji ya Mpanda yamekuwa yakihukumiwa na Mahakama Kuu ya Sumbawanga, ihudumiayo Rukwa na Katavi. Mahakama ya chini haina uwezo wa kusikiliza shauri lenyewe. Mshitakiwa husomewa shitaka wala hatakiwi kujibu neno, kisha hurudishwa mahabusu tena na tena mpaka upelelezi uishe na jaji aje. Kwa mama aliye Mamba, kila safari ya kwenda kumwona mwanawe ni nauli, ni siku ya kulima iliyopotea, na mara nyingi ni kusikia neno lile lile: upelelezi haujakamilika. Wenye sheria husema haki ikicheleweshwa imenyimwa. Nasi twaongeza ya kuwa huchelewa kwa wote wawili, maana mfiwa naye angojea.

VII. La Kumjibu Yule Mama

Basi turudi kwa mwalimu aliyesimama mlangoni. Twaona yampasa kumwambia mambo manne, kwa upole na bila kuficha.

Kwanza, aulize shitaka limeandikwaje. Kama limeandikwa kuua kwa kukusudia, amwambie mama wazi ya kuwa hakuna mtu, awe mwalimu, padre au mkubwa wa Serikali, awezaye kumdhamini mwanawe leo. Kama yuko mtu aliyemwambia alete fedha ili dhamana “itengenezwe”, mtu huyo ni mwizi. Fedha ile ya pindo la kanga na ibaki kwa ajili ya nauli na chakula cha watoto.

Pili, amwambie ya kuwa shitaka huweza kubadilika ushahidi ukiisha kuonekana. Kwa hiyo waliokuwapo kwenye ugomvi ule na waseme kweli yote waliyoiona, hata ile iliyo chungu: nani aliyeanza, silaha ilitoka wapi, walikuwa wamelewa kiasi gani. Kufundisha mashahidi maneno ya uongo ili kumwokoa kijana ni kumfungia mlango, maana njia ya mwongo ni fupi. Na kijana asiye na wakili ana haki ya kupewa mmoja na Serikali katika shauri la namna hii.

Tatu, ikiwa siku moja dhamana itawezekana, mwalimu ajipime kabla ya kusimama. Mdhamini hasemi, “Huyu hana kosa.” Asema tu, “Atakuja.” Mwenye kujua ya kuwa hawezi kumleta, asimame kando bila haya, Mithali ya Sulemani nayo yaonya juu ya kudhamini ovyo. Lakini mwenye kuweza asikatae kwa hofu ya kuwa kole, wala kwa hofu ya kuonekana mshirika wa mwuaji.

Nne, na hili ndilo gumu, akitoka kwa mama aende kwenye matanga. Akaketi na wafiwa, aseme nao kwa lugha ya kwao. Awaeleze ya kuwa mtu akirudi kwa dhamana hajasamehewa, na ya kuwa asiporudi hajahukumiwa. Tuna methali isemayo, lisemwalo lipo, ikiwa halipo linakuja. Kijijini methali hiyo huwatosha wengi kuwa ushahidi. Mahakamani haitoshi hata kidogo. Yatupasa kuwafundisha watoto wetu shuleni tofauti hiyo kabla hawajakua na kushika rungu.

Wako watakaosema ya kuwa mwalimu akienda nyumba zote mbili atachukiwa na zote mbili. Huenda ikawa hivyo kwa juma moja. Lakini mama atakumbuka ya kuwa hakumla fedha zake, na wafiwa watakumbuka ya kuwa hakujificha. Na siku jaji atakapokuja na kuita jina la kijana yule, ni heri nyumba zote mbili ziwepo pale kusikiliza, bila kaburi la pili kijijini.